Kiinua Mgongo Kikishalipwa, Kiende Wapi?

Kila mwaka walimu, wauguzi, makarani, madereva na maofisa wa kila daraja katika visiwa vyetu hutimiza umri wa miaka 60 na kuagwa kwa hotuba, na pengine kwa zawadi ya saa ya ukutani. Baada ya muda hulipwa kiinua mgongo. Kwa walio wengi siku hiyo ndiyo ya kwanza, na ndiyo ya mwisho, ya kumiliki fedha nyingi kiasi hicho kwa mara moja. Juu ya siku ya malipo yamesemwa mengi. Sisi leo tunapenda kuzungumzia siku ya pili yake.

Mabishano ya miaka ya karibuni yamekuwa juu ya ukubwa wa malipo. Wasomaji wanakumbuka kwamba mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ya Tanzania Bara iliunganishwa kuwa mmoja, na kanuni mpya ikataka mstaafu apewe kwa mkupuo robo tu ya haki yake, iliyobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Waliokuwa wamezoea kupewa nusu walipiga kelele, na mwishoni mwa Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaisimamisha kanuni ile. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 waliokuwa katika kundi la nusu wakapandishwa hadi asilimia 40, na wenzao hadi 35. Zanzibar tuna mfuko wetu wenyewe, ZSSF, ulioundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, na hesabu zake si zile za Bara. Lakini maneno yale yalivuka bahari, na neno kikokotoo likawa la kila baraza, hata kwa wasiowahi kuajiriwa siku moja.

Hatuna ugomvi na mabishano hayo. Ni haki ya mfanyakazi kuulizia jasho lake. Linalotushangaza ni kwamba pande zote mbili zilikwepa swali lililokuwa katikati. Wenye mamlaka walisema wastaafu hupewa fedha nyingi, wakazimaliza haraka, wakabaki mafukara. Kwa hiyo afadhali wapewe kidogo. Wafanyakazi walijibu kwamba fedha ni zao na hakuna haja ya kuchungwa kama watoto. Sote tunajua kwamba yote mawili ni kweli. Mstaafu si mtoto. Na fedha za kiinua mgongo, kwa wengi, hazifiki mwaka wa tatu. Dawa ya hilo haiwezi kuwa kumnyima mtu mali yake. Wala haiwezi kuwa kumkabidhi hundi mlangoni na kumwambia kwaheri.

Siku hiyo ya pili ina wageni wengi. Huja fundi na hesabu ya mabati na mbao. Huja jamaa na habari ya kiwanja kinachouzwa haraka kwa sababu mwenyewe anasafiri. Huja kijana wa ndugu anayetaka pikipiki, na mwengine ambaye harusi yake ilikuwa ikingojea kustaafu kwa baba mdogo. Hapana hata mmoja kati yao aliye mwizi. Wengi wana haja za kweli. Lakini wote wanaiona fedha ile kama bahati iliyoshuka, hali ya kuwa ni mishahara ya miaka 20 inayokuja, iliyolipwa mapema kwa siku moja.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa skuli aliyepewa shilingi milioni 30. Hatusemi kwamba hicho ndicho kiwango cha kawaida. Tumechagua hesabu iliyo nyepesi kufuatika. Akizichota kwa shilingi 500,000 kila mwezi bila ya kuziweka mahali zinapozaa, zitakwisha kwa miezi 60, naye atakuwa na umri wa miaka 65. Kwa desturi yetu mtu wa miaka 65 bado anapanda mnazi. Lakini tuseme amezitia fedha zile katika hati fungani ya Serikali ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12.10 kwa mwaka, ambacho ni kiwango kilichowekwa mwaka 2022. Ikiwa aliinunua kwa bei ile ile iliyoandikwa, atapokea shilingi 3,630,000 kwa mwaka, katika mafungu mawili ya miezi sita sita. Hizo ni sawa na shilingi 302,500 kwa mwezi, juu ya pensheni yake, na baada ya miaka 20 milioni 30 zake zinamrudia yeye au warithi wake.

Wazee wetu waliielewa hesabu hii kabla ya kuwepo benki. Mwenye mikarafuu hakuukata mkarafuu ili ale. Alingoja miaka sita na zaidi uanze kuzaa, kisha akala karafuu na mti akauacha. Na visiwa hivi vinajua pia kilichotokea mti ulipofungwa rehani. Kufikia miaka ya 1930 madeni yalikuwa yameyakamata mashamba mengi ya Unguja na Pemba, hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia ardhi ya wadeni isihamie mikononi mwa wakopeshaji. Leo kinachowekwa rehani ni kadi ya benki. Mstaafu hukopa kwa mtu asiyejulikana na ofisi yoyote, akamwachia kadi pamoja na namba ya siri, na pensheni ikiingia, wa kwanza kuichota ni mkopeshaji. Hatuoni tofauti kubwa baina ya mkarafuu ule na kadi hii, ila kwamba mkarafuu ulionekana, na majirani walijua unakwenda kwa nani.

Wengine hawakopi, wanatafuta faida. Hapa pia tumekwisha umia. Mwaka 2009 huko Bara mchezo wa fedha uliojulikana kwa jina la DECI, ambao watu waliambiwa wapande mbegu na kuvuna maradufu, ulifungwa na Serikali, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Tulidhani somo limefika. Mwaka 2021 hapa hapa Unguja ikaanguka kampuni iliyokuwa ikiwaahidi wananchi faida ambayo hakuna biashara halali inayoweza kuitoa, na Serikali ikalazimika kuingilia kati. Miongoni mwa waliosimama foleni kudai fedha zao walikuwemo watu wazima waliokwisha maliza utumishi wao. Mtu akiahidiwa kwa mwezi mmoja faida ambayo Serikali yenyewe huitoa kwa mwaka mzima, hana haja ya kuwa bingwa wa hesabu ili ajiulize fedha ile inatoka wapi. Kwa kawaida inatoka katika mfuko wa yule aliyejiunga nyuma yake.

Basi ziwekwe wapi? Sisi si madalali wala hatulipwi na benki yoyote, na tutasema tunayoyajua.

Hati fungani za Serikali huuzwa kwa mnada na Benki Kuu, ambayo ina tawi lake hapa Zanzibar, na mtu binafsi hununua kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, kuanzia shilingi milioni moja. Ubora wake ni kwamba riba haibadiliki mpaka mwisho. Hati ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ilikuwa na asilimia 15.95, mwaka uliofuata hati mpya za muda huo zikatolewa kwa 12.56. Waliokwisha nunua waliendelea kupokea kile cha mwanzo. Upungufu wake ni huo huo wa kutobadilika. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, milioni 30 zitakazorudishwa baada ya miaka 20 zitanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa milioni 16 na nusu hivi. Kwa hiyo mwenye kula riba yote hadi shilingi ya mwisho anaula mti pamoja na karafuu, ila polepole. Na mwenye kuhitaji fedha zake kabla ya muda hana budi kuiuza hati yake sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa pungufu ya ile aliyonunulia.

Hisa ni jambo jengine. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1998, kampuni ya kwanza kuandikishwa ikiwa ya gesi ya oksijeni na ya pili ya bia. Hisa ya benki ya NMB iliuzwa kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 600, nayo ilikuja kupita shilingi 5,000. Ya CRDB iliuzwa mwaka 2009 kwa shilingi 150, na wenye subira hawakujuta. Habari hizi husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni ya mwaka 2017, hisa za Vodacom zilipouzwa kwa shilingi 850 kwa shangwe kubwa, na kwa miaka kadhaa baadaye zikawa zinauzwa chini ya bei hiyo. Kijana wa miaka 30 anaweza kungoja. Mzee wa miaka 62 aliyetia humo fedha za mchele hawezi. Rai yetu ni kwamba hisa zinunuliwe kwa fedha ambazo mstaafu hatazihitaji kwa miaka saba au minane, na zisinunuliwe za kampuni moja tu.

Neno dalali kwetu lina sifa zake, na aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga mjini anazijua. Dalali wa hisa amesajiliwa na anasimamiwa na mamlaka, lakini kwa jambo moja anafanana na mwenzake: ujira wake anaupata mteja akifaidika au akiumia. Kwa ununuzi mdogo ujira huo pamoja na ada za soko hukaribia shilingi 2 katika kila 100, na wakati wa kuuza hukatwa tena. Mwenye kununua mwezi huu na kuuza mwezi ujao amekwisha poteza karibu shilingi 4 kabla bei haijatikisika. Akaunti ya kutunzia hisa lazima iwe kwa jina la mwenyewe, siyo la mtoto anayejua kutumia simu. Na taarifa ya hisa aiombe mwenyewe, aisome, aiweke pamoja na hati ya nyumba. Sasa mtu aweza kununua hisa kwa simu ya mkononi. Ni maendeleo, hatukatai. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa matapeli.

Kwa asiyetaka kushughulika na bei za kila siku, iko mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Wa kwanza wa Serikali, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005, na baadaye ikaongezwa mengine, ukiwemo wa hati fungani wa mwaka 2019 ambao humwezesha mwanachama kupokea gawio kwa vipindi. Mtu hununua vipande, wataalamu huzisambaza fedha katika hisa, hati na amana za benki, na akitaka huviuza vipande kwa mfuko wenyewe, ingawa baadhi ya mifuko hukata ada ya kutoka. Uzuri wa mifuko hii ni kwamba haikumsahau mwenye kidogo. Mvuvi wa Kojani na mama wa mwani wa Paje hawana kiinua mgongo. Wakifika miaka 70 wanayo pensheni jamii, iliyoanza kulipwa mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, jambo ambalo Serikali inastahili sifa kwalo. Lakini katika miaka yao ya nguvu wangeweza kuweka kidogo kidogo, kama wanavyoweka katika upatu.

Hapa tusijifanye hatuoni lililo wazi. Wengi wa wasomaji wetu ni Waislamu, na neno riba kwao si neno la hesabu tu. Mzee anayeambiwa faida zote zimo katika hati za riba na katika hisa za bia na sigara huondoka kimya, akanunue kiwanja, au akafukie fedha ndani ya matofali. Si mjinga, hakuwekewa mlango wa kupita. Ndiyo maana tuliipokea vyema hatua ya Serikali ya Mapinduzi ya mwanzoni mwa mwaka 2025 ya kutoa sukuk, yaani hati ambayo malipo yake hufungamana na mradi au mali iliyopo, badala ya mkopo wa riba. Mlango umefunguliwa. Inabaki kazi ya kuueleza kwa lugha ya msikitini na ya sokoni, wala si kwa lugha ya wahasibu peke yao, na kuhakikisha kwamba mtu mwenye milioni mbili anahudumiwa kwa heshima ile ile ya shirika lenye bilioni mbili. Katika hisa pia ziko kampuni ambazo hazina shubuha ya bia, kama ya saruji na ile ya gesi, na orodha ya zinazofaa ingeweza kutengenezwa na maulamaa wakishirikiana na wataalamu wa fedha. Hilo halihitaji bajeti kubwa.

Tumefika kwenye kodi, ambako ndiko minong'ono mingi ilipo. Mzee wa kwetu huzijua mamlaka mbili za mapato na huziogopa zote mbili sawasawa. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na hapa Zanzibar hukusanywa na TRA, siyo na ZRA. Akiwa kazini, mchango wake wa mfuko hutolewa kabla ya kodi ya mshahara kupigwa, na hiyo ni nafuu ambayo wengi waliipata bila ya kujua. Kwa fedha alizowekeza, kodi haimfuati nyumbani. Hukatwa pale pale faida inapozaliwa. Riba ya amana ya benki hukatwa asilimia 10, na gawio la kampuni iliyoandikishwa sokoni hukatwa asilimia 5, na la kampuni isiyoandikishwa asilimia 10. Kwa mtu binafsi mkaazi kodi hiyo ndiyo ya mwisho. Faida anayoipata mkaazi kwa kuuza hisa zilizoandikishwa sokoni imesamehewa.

Maana yake ni kwamba mwenye kulinganisha alinganishe kile kinachofika mkononi. Benki ikitangaza asilimia 8 kwa amana ya muda maalumu, kinachofika ni 7.2, na akiivunja amana kabla ya muda kinachofika ni pungufu zaidi. Kampuni ikitangaza gawio la shilingi milioni moja kwa hisa zake, atapokea 950,000. Hizi si siri, lakini hatujaona zimebandikwa kwa Kiswahili katika ukuta wa ofisi yoyote anakopita mstaafu.

Wako ndugu zetu ambao mlango wao wa kodi uko mbali zaidi. Kwa zaidi ya nusu karne Wazanzibari wamefanya kazi Uingereza, Marekani, Kanada, nchi za Skandinavia na Ghuba, na sasa waliotangulia wamezeeka. Wengi wanajenga Bububu na Fuoni, wakiwa na nia ya kurudi kula pensheni zao nyumbani. Wa Ghuba aghalabu hurudi na malipo ya mwisho wa kazi, fedha taslimu, na habari yao ni ile ile ya mwalimu wetu. Wa Marekani wana akiba katika akaunti za kustaafu zinazoitwa 401(k) na IRA, ambazo katika sura yake ya kawaida mfanyakazi hutia fedha kabla ya kodi, na kodi humngojea siku ya kuchota. Akichota kabla ya umri wa miaka 59 na nusu hutozwa, juu ya kodi yenyewe, adhabu ya asilimia 10, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Na akifika miaka 73 sheria humlazimisha achote kiasi fulani kila mwaka, atake asitake, ili kodi ipatikane. Raia wa Marekani hubaki na wajibu wa kuandikisha mapato yake huko hata akiishi Makunduchi. Asiyekuwa raia na amekwisha hama, kiwango cha kawaida cha kukatwa ni asilimia 30, ila pawepo mkataba wa kodi baina ya nchi mbili. Tanzania na Marekani hazina mkataba huo. Mtu aliyeweka dola 100,000 akidhani ndizo zitakazojenga uzee wake Unguja anaweza kukuta 70,000.

Wa Uingereza wana shida ya namna nyengine. Katika akiba yake binafsi ya pensheni mtu huruhusiwa kuchota, kuanzia miaka 55, umri utakaopanda kuwa 57 mwezi Aprili 2028, na robo ya kwanza kwa kawaida haina kodi. Hilo ni jema. Lakini pensheni ya Serikali ya huko, ambayo hupandishwa kila mwaka kwa wanaoishi Uingereza, haipandishwi kwa anayehamia Tanzania. Hubaki pale pale ilipokuwa siku alipohama, au siku aliyoanza kulipwa akiwa huku, mpaka anakufa. Mwenzake aliyefanya kazi naye katika hospitali moja ya London akastaafu Mauritius huongezewa kila mwaka, kwa sababu ipo makubaliano baina ya serikali mbili. Mauritius ni kisiwa kama sisi, katika bahari hii hii. Tanzania inayo mikataba ya kodi na Kanada, Denmark, Sweden, Norway na nchi nyengine chache. Na Uingereza haina. Mkaazi wa Tanzania anayepokea mapato kutoka nje anaweza kuhesabiwa kodi pande mbili, na ingawa sheria yetu ina nafasi ya kupunguziwa kwa kodi aliyokwisha lipa ng'ambo, nafasi hiyo inataka vyeti na barua ambazo mtu wa miaka 68 hana wa kumwandikia. Mambo ya nje na kodi ya mapato ni ya Muungano, na hatuitarajii Serikali ya Mapinduzi iyafanye peke yake. Lakini wanaotumaini kurudi ni watu wa visiwa hivi, na sauti ya kudai ingefaa ianzie hapa. Viongozi wetu wanapokutana na Wazanzibari walioko nje huwahimiza waje kuwekeza. Waulizwe siku moja namna watakavyozitoa fedha zao.

Liko na la mirathi. Nyumba na mashamba hata mjukuu anayajua. Hisa na vipande havionekani. Mzee akifariki bila ya kumwambia mtu, akaunti hukaa kimya, gawio huendelea kuingia au kurudi kwa kampuni, na warithi hugawana vyombo vya ndani. Kuandika jina la mrithi katika fomu ya mfuko hakubadilishi hukumu ya mirathi kwa Muislamu, lakini kunaonyesha kwamba mali ipo. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ndiyo inayoshughulikia mali za marehemu, ingefanya vyema kuwa na utaratibu wa kuuliza katika Soko la Hisa na katika mifuko, kama inavyoulizia benki na mashamba. Na mstaafu mwenyewe, leo kabla ya kesho, aandike karatasi moja: nimeweka nini, wapi, kwa namba gani. Namba ya siri asiiandike.

Kwa wenye dhamana tunasema haya. Mafunzo ya kustaafu hutolewa wakati mtu ameshafungasha. Mtumishi anayearifiwa habari za hati fungani mwezi wa mwisho hana nafasi ya kufikiri. Ameshaahidi fedha zile kwa watu sita. Tungependa mafunzo yaanze akiwa na miaka 55, umri ambao kustaafu kwa hiari huwa kumeshaanza kufikiriwa, yarudiwe kila mwaka, na mume au mke wake aalikwe, kwa kuwa maamuzi haya hayafanywi ofisini. ZSSF yenyewe ni mwekezaji mkubwa, imejenga majengo na maduka ambayo kila mtu anayaona, na inao wataalamu wanaojua kupima faida na hatari. Itawagharimu nini wataalamu hao kukaa siku moja kwa mwezi na wanachama wanaokaribia kuondoka?

Waraka wa kuuza hisa au hati kwa umma, unaotaka fedha za wananchi, uwe na nakala kamili ya Kiswahili. Hii ndiyo lugha ya taifa, na ndiyo anayoisoma mwenye fedha zinazotafutwa. Ripoti za kampuni nyingi bado hutolewa kwa Kiingereza kizito ambacho hata waliokisomea hukiruka.

Mwisho ni Pemba. Mstaafu wa mjini Unguja akitaka kuuliza, ana tawi la Benki Kuu, ana benki kadhaa, na akizidiwa hupanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam na kurudi jioni. Mstaafu wa Wete au Konde ana safari ya bahari mara mbili ili akatie saini fomu, na akikosea herufi moja hurudishwa. Tunafahamu kwamba madalali wa hisa hawawezi kulazimishwa kufungua ofisi mahali pasipo na wateja wa kutosha. Lakini Serikali ina ofisi Chake Chake, ZSSF ipo huko, na benki zipo. Dawati moja lenye mtu mmoja aliyefundishwa, wa kupokea fomu za hati fungani, za vipande na za sukuk, na wa kujibu swali la kodi bila ya kumtisha mtu, lingewatosha wastaafu wa kisiwa kizima. Baraza la Wawakilishi hukaa kujadili bajeti kila mwaka kabla ya mwezi Julai. Tutapenda kusikia katika kikao kijacho kutoka kwa Waziri wa Fedha ni nani atakayelilipia dawati hilo, na litafunguliwa mwezi gani.